Telekomande iko mkononi mwa nani? Historia fupi ya kuamuru kutoka mbali, tokea Musonoi

Bandugu, leo sileti habari ya mahindi wala ya mbolea. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu alishagombania na wadogo zake: telekomande.

Ilikuwa tarehe 14 Desemba 2010. Nilikuwa bado mtoto wa masomo ya sekondari, kwetu Musonoi. Siku ile TP Mazembe walicheza na Internacional ya Brazil kule Abu Dhabi, nusu-fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Kwenye avenii yetu nyumba zenye dekoda na parabole hazikufika tano, na kwetu ilikuwa moja ya hizo. Basi jirani wote wakaja. Wengine walikuja na viti vyao, wengine wakakaa chini, na watoto wakasimama dirishani.

Baba alikaa mahali pake na telekomande mkononi, maana kwetu hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuishika. Akafinya, lakini hakuna kitu. Akafinya tena. Akaipiga-piga kwenye goti, akatoa pile, akazisugua, akazirudisha. Hakuna. Mzee mmoja akasema: «Ii pile ilikufa, tuma mtoto auze ingine.» Nikakimbia dukani kununua pile mbili. Tukaziweka, na bado hakuna. Ndipo mama akasema: «Dekoda yenyewe iko na mabutoni mbele, muitumie basi!» Tukafinya butoni ya dekoda, shene moja baada ya nyingine, mpaka tukafika kwenye shene ya mpira. Na pale, mbele ya jirani wote, badala ya wachezaji yakatokea maandishi: abonema yenu imekwisha.

Watu walinyamaza. Baba hakusema neno. Akaweka telekomande juu ya meza, akaingia chumbani, akarudi na radiyo yake ya zamani. Mazembe walishinda 2-0, bao la Kabangu na bao la Kaluyituka, wakawa kilabu cha kwanza cha Afrika kufika fainali ile. Sisi tuliisikia tu kwenye radiyo. Kelele zilipanda Musonoi yote, lakini mimi nilikuwa naangalia uso wa baba.

Tangu siku ile kuna ulizo moja linanifuata: telekomande inaamuru nini hasa? Na nani anaamuru kile ambacho yenyewe haiwezi kuamuru? Nimekuja kuona kwamba ulizo hili ni la historia yetu sisi watu wa Kolwezi, siyo la televizyo tu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliweka mtumbwi mdogo wa chuma ndani ya maji, mbele ya watu, akauongoza kwa mawimbi ya radiyo bila kuugusa. Wengi waliona ni uchawi. Televizyo ilikuwa haijaingia nyumbani mwa mtu. Mwaka 1950 kampuni ya Marekani iitwayo Zenith ilitoa telekomande ya televizyo yenye jina Lazy Bones. Hiyo ilikuwa na waya mrefu toka kwenye televizyo mpaka kwenye kiti, na watu walikuwa wanajikwaa juu yake. Mwaka 1955 injiniere Eugene Polley wa kampuni hiyohiyo akaleta ingine, Flash-Matic, iliyotumia mwanga kama wa toshi. Shida yake ilikuwa jua: likiingia dirishani, shene inabadilika yenyewe. Mwaka uliofuata, 1956, Robert Adler akaleta Space Command. Ndani yake mlikuwa na vinyundo vidogo vinavyogonga vyuma vya aluminiamu na kutoa sauti ya juu sana, ambayo sikio la mtu haliisikii. Na, bandugu, ile haikuhitaji pile hata moja! Ingefika Musonoi siku ile ya Mazembe, nisingekimbia dukani.

Tokea mwisho wa miaka ya 1970 na kuingia miaka ya 1980, njo walihamia kwenye mwanga tunaotumia mpaka leo, ule unaokuwa chini ya rangi nyekundu. Macho hayauoni, lakini kamera ya simu inaweza kuuona. Hapa kuna kitu cha kujifunza kwa yeyote ambaye nyumbani wanamwambia «we njo mwenye kusoma, tengeneza basi»: elekeza telekomande kwenye kamera ya simu, hasa ile ya mbele, kisha finya. Ukiona kataa kanapepesa kwenye skrini ya simu, telekomande ni nzima, tafuta shida kwenye dekoda. Usipoona kitu hata ukibadilisha pile, telekomande yenyewe njo mgonjwa.

Kale kataa kanaposema, kanasema nini? Kanawaka na kuzima haraka sana, mara nyingi karibu mara 38,000 kwa sekunde, na ndani ya mapigo hayo mnakuwa na mpango wa marefu na mafupi. Mpango huo unabeba mambo mawili. La kwanza ni anwani: «nasema na wewe, dekoda ya aina hii.» La pili ni amri: «ongeza sauti.» Kila kifaa chumbani kinapokea mwanga uleule, lakini kile ambacho si mwenye anwani hakijibu. Njo maana telekomande ya televizyo haisumbui dekoda, hata kama zote zinawekwa kwenye meza moja.

Kwa hiyo telekomande za mwanga hazihitaji kujuana moja kwa moja na dekoda. Zinatosha kusema lugha moja. Jirani akiwa na dekoda ya aina ileile, anaweza kuja na telekomande yake na kubadilisha shene zako, na watoto wa Musonoi wanaujua mchezo huo sana. Ile ya sokoni inayotumika na kila televizyo, nayo inabeba tu lugha nyingi ndani yake. Unashikilia butoni ya kuipanga mpaka kataa kabaki kinawaka, kisha unaielekeza kwenye televizyo na kufinya butoni ya kuzima, mara moja, mara mbili, mara ishirini, ukivumilia. Siku televizyo inazima, ujue lugha imepatikana. Finya butoni ya kukubali, imebaki kichwani mwake. Wengi wanashindwa kwa sababu wanafinya haraka wanapita lugha yenyewe.

Zile mpya zinazotumia mawimbi ya radiyo, kama Bluetooth, ni habari ingine. Mawimbi yanapita ukuta, na bila kujulishana telekomande yako ingeamuru dekoda ya nyumba ya pili. Basi hapo lazima kuzioanisha. Unazileta karibu, unashikilia butoni mbili pamoja mpaka taa ipepese, na dekoda nayo inakuwa kwenye hali ya kutafuta. Zinapeana utambulisho, kila moja inauweka. Tangu hapo dekoda inasikia ile moja tu. Mimi neno hilo la kuoanisha linanipendeza, maana linataka pande mbili zikubali. Tulishike, tutalirudilia.

Sasa turudi kwetu. Kuamuru kutoka mbali hakukuanza na televizyo hapa. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na wakubwa wake walikuwa Brussels. Mji wa Kolwezi ulizaliwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya upande wa magharibi, na Musonoi ni mtoto wa migodi hiyo. Nkambo wangu alikuwa akituambia habari ya sirene: sirene ikilia unaamka, ikilia tena unaingia kazi, ikilia tena unarudi nyumbani. Kampuni ilitoa nyumba, posho ya unga, lopitali na masomo. Mtu alipata vitu ambavyo kijijini havikukuwa, hilo nkambo hakulikataa hata siku moja. Lakini bei ya shaba ilipoanguka huko Ulaya, kama ilivyoanguka kwenye shida kubwa ya miaka ya 1930, maelfu ya wafanyakazi walirudishwa vijijini. Nani alifinya butoni? Hawakumwona.

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na vita vile viliishia hapahapa Kolwezi, Januari 1963. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ikaichukua Union Minière, na kampuni ya taifa ikazaliwa, ile tunayoijua leo kwa jina Gécamines. Watu walisema: sasa telekomande imerudi nyumbani. Lakini nyumbani ni wapi? Kwa mtu wa Musonoi, Kinshasa nayo iko mbali.

Hapo kuna kazi moja kubwa ambayo wanafunzi wengi wanaipita kila siku bila kujua historia yake: laini ya umeme ya Inga-Shaba. Ni nyaya za karibu kilometa 1,700, kutoka bwawa la Inga kule Kongo Central mpaka Kolwezi, na zilianza kazi mwaka 1982. Wakati ule hapakuwa na laini ndefu kuipita duniani. Sisi tulikuwa na mabwawa yetu karibu, Nzilo na Nseke, yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi. Basi kwa nini kuleta kuranti toka mbali hivyo? Serikali ilisema migodi itakua na itahitaji nguvu zaidi. Lakini watafiti wengi walioandika juu ya laini ile wanaeleza sababu ya pili: baada ya kile kilichotokea 1960, Kinshasa ilitaka kushika swichi ya Katanga. Siku Katanga itajaribu tena kujitenga, mtu mmoja upande wa magharibi atazima, na migodi itasimama.

Angalieni namna ilivyojengwa. Kuranti inayopita mle ni ya mwelekeo mmoja, na huwezi kuichota njiani kwa urahisi. Lazima ifike kituo cha mwisho, hapa Kolwezi, igeuzwe. Vijiji vingi sana viko chini ya nyaya zile na usiku vinawasha koroboi. Kama telekomande, laini ile inabeba anwani moja tu, na anwani yenyewe ni migodi.

Televizyo nayo iliingia nchini kwa namna ileile. Televizyo ya taifa ilianza 1966, Kinshasa. Wazee wanakumbuka habari ya saa mbili usiku: kwanza uso wa Mobutu ukishuka toka mawinguni, halafu ndiyo habari. Shene ilikuwa moja. Hata ungekuwa na telekomande nzuri kuliko zote, ungefinya nini? Ni baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, chama kimoja kilipokwisha, njo shene za watu binafsi zikaanza kuota.

Na juu mbinguni je? Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika kwamba chombo kikiwekwa karibu kilometa 36,000 juu ya ikweta kitazunguka pamoja na dunia, hivyo kitaonekana kama kimesimama. Satelaiti za televizyo ziko huko. Njo maana parabole haihitaji kufuata kitu. Ukishaipata satelaiti, unafunga vizuri na kuiacha. Na kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta, satelaiti ziko karibu juu ya kichwa chetu. Parabole za Kolwezi zimeegemea nyuma, uso juu, kama sahani inayongojea bukari. Za Ulaya zinasimama wima, zinaangalia mbali.

Tarehe 30 Oktoba 1974 Kinshasa ilirusha pigano la Ali na Foreman kwa njia ya satelaiti, dunia ikaona. Na kuna habari ingine ambayo ilinishangaza nilipoisoma nikiwa chuoni: Shaba yetu ilikuwa karibu kuwa mahali pa kurushia satelaiti. Kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG ilipewa na Mobutu eneo la karibu kilometa mraba 100,000 kaskazini mwa Shaba, ikarusha rokete ya kwanza tarehe 17 Mei 1977. Ilitaka kuuza safari za satelaiti kwa bei ya chini. Nchi kadhaa zikalalamika kwamba kuna mambo ya kijeshi ndani, na mwaka 1979 Mobutu akawaambia waache. Watu wa kule waliona moto ukipanda mawinguni, halafu wageni wakaondoka. Mkataba ulipofungwa hawakuulizwa, na ulipovunjwa pia hawakuulizwa.

Nimekaa sana kwenye historia, lakini sasa tunaweza kuelewa kilichotokea sebuleni kwetu 2010.

Telekomande ya baba ilikuwa na nguvu ya kufika mita chache tu. Iliamuru dekoda: panda, shuka, nyamaza. Lakini dekoda ile ilikuwa na bwana wa pili. Picha zinazoshuka toka satelaiti zimefungwa, zimevurugwa makusudi, na ufunguo uko kwenye kadi iliyo ndani ya dekoda. Ufunguo ule unabadilishwa kila wakati. Ukilipa, kituo kinatuma ujumbe juu, satelaiti inaushusha juu ya nchi nyingi kwa mara moja, na ndani yake mnaandikwa namba ya kadi yako. Dekoda zote zinapokea, ni yako tu inayofungua. Anwani na amri, mambo ni yaleyale! Isipokuwa hii telekomande ya pili inafika bara zima, na dekoda ya kawaida haina njia ya kuijibu. Inasikia tu. Hata baba angepata telekomande mpya ya bei kali, hata angeioanisha vizuri namna gani, isingefungua mpira ule.

Njo maana pia, ukishalipa, usizime dekoda. Iache inawaka kwenye shene moja na ungoje. Ujumbe ukipita wakati dekoda imezimwa, au kuranti imekwenda, unapotea mpaka utumwe tena. Na mvua kubwa ya Januari nayo inaweza kuuzuia njiani. Wangapi kati yetu walikwenda kumtukana muuzaji bure?

Nimeandika haya kwa sababu naona sisi tuliosoma tunarudia kosa la siku ile. Kitu kikikwama, tunatuma mtoto kununua pile. Tunabadilisha pile kila mwaka, semina hii, kamati ile, mradi mpya wa mihogo, na hatuulizi kwanza kifaa kinasikia amri ya nani. Tunaona hapa Kolwezi: Septemba 2023 Amnesty International na shirika la hapa nyumbani, IBGDH, walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa ajili ya migodi, hata ndani ya Cité Gécamines. Mtu mwenye nyumba anakwenda kupiga kelele kwa chef de quartier. Chef wa watu anafinya butoni alizonazo, maskini, na anwani yenyewe iko kwingine: kwenye mkataba, kwenye daftari la migodi, kwenye ofisi ambayo hajawahi kuiona.

Lakini sitaki kumaliza kwa kulia, maana historia inaonyesha amri inaweza pia kutoka upande huu. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti nje, na bei ya dunia, iliyokuwa imeanguka sana, ikapanda. Wenye viwanda vya mabatri kule mbali wakajua Lualaba iko wapi. Wachimbaji wadogo wa hapa hawakuulizwa kabla, hilo nalo ni kweli, na wengine waliona njaa miezi ile. Butoni ilikuwa mkononi mwa nchi, lakini haikuwa imeoanishwa na sisi. Na kuoanisha, tulishaona, kunataka pande mbili zikaribiane na kila moja imtambue mwenzake.

Hapo njo naona kazi ya licensié. Jirani wanapokuletea karatasi ya kampuni iliyoandikwa Kifaransa cha wanasheria, kaa nao, isomeni pamoja, watambue ni nani anayeandikiwa na ni nani anayeweza kujibu. Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka kampuni iandike mkataba wa ahadi zake kwa wenyeji, kile wanachokiita cahier des charges. Wangapi wetu walishaufungua ule wa kampuni iliyo karibu na nyumba yao? Mimi niliufungua kwa mara ya kwanza mwaka jana, nikiwa tayari na diploma ukutani. Nilipata haya.

Baba bado yuko. Mwaka ule wa 2010 ulikuwa mgumu, na baadaye mama ndiye aliyeniambia jambo ambalo sikulijua: pesa ya abonema ilikuwapo. Baba aliishika mkononi wiki ile, halafu akaipeleka kulipa minervali yangu, maana walikuwa wameanza kuwarudisha watoto nyumbani. Hakuniambia, na hakuwaambia jirani. Alifinya telekomande ile mbele yao wote huku akijua, au akitumaini kwamba labda bado siku moja imebaki.

Nilipomuuliza, akacheka. Akasema: «Weye ulisoma, ao hukusoma? Basi mambo ya mpira uiache.»

Kwenu nyumbani, nani anashika telekomande? Na ile ya pili, mnajua iko wapi? Andikeni, tusomane.